Siku Saba Baina ya Kaole na Bagamoyo

Walimu wengi wa Kiswahili katika nchi zetu za Maziwa Makuu wamepata kuulizwa swali lisilokuwamo katika vitabu vya sarufi. Sisi tuliulizwa na mwanafunzi wa miaka kumi na minne, tena mbele ya darasa zima: "Mwalimu, kwa nini tujifunze lugha ya watu waliowauza babu zetu?" Siku hiyo tulikuwa tukisoma habari fupi ya mji wa Bagamoyo. Kitabu kilieleza kwa sentensi moja tu kwamba jina la mji huo lina maana ya kukata tamaa, kwa kuwa hapo ndipo watumwa walipoiacha mioyo yao kabla ya kupakiwa majahazini. Darasa lilinyamaza likitungoja. Tulijibu kwamba lugha haina kosa, bali watu ndio wenye makosa. Jibu hilo lilikuwa la kweli, lakini halikutosha, na mwanafunzi mwenyewe alilijua hilo kabla yetu.

Ndiyo sababu ilipofika likizo ya mwezi wa Agosti, sisi walimu watano, wanne wa Bujumbura na mmoja wa Uvira, tuliamua kuchanga nauli na kwenda kupumzika pwani, mahali ambapo tungeweza pia kutazama na kuuliza. Tulikodi nyumba ndogo ya makuti katika njia ya mchanga itokayo mjini Bagamoyo kwenda kwenye magofu ya Kaole. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili, baraza ya saruji, kisima uani, na minazi saba ambayo mwenye nyumba alituonya tusilale chini yake. Tulikaa siku saba. Haya tunayoyaandika ndiyo tuliyoyaona na kuyafikiri, nasi tunayatoa kwa wenzetu ambao huenda wakaulizwa swali lile lile.

Njia ya pembe

Tulishuka Kigoma, tukapanda garimoshi. Reli hii ilianza kujengwa na Wadachi kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Kwa sehemu kubwa yaifuata njia ya kale ya misafara. Basi, tukiwa tumekaa vitini na chai yetu mkononi, tulikuwa tukipita mle mle walimopita wapagazi kwa miguu, wakiwa na mizigo ya kilo thelathini na zaidi mabegani. Safari yetu ilichukua siku mbili. Burton na Speke waliondoka pwani mwezi wa Juni 1857, na hawakuliona Ziwa Tanganyika hadi Februari 1858. Stanley aliondoka Bagamoyo mwezi wa Machi 1871, akamkuta Livingstone Ujiji mwezi wa Novemba. Majina ya wageni hao watatu kila mwanafunzi wetu ayajua. Majina ya waliobeba mahema yao, nguo zao, shanga zao na nyaya zao za shaba hayajui, na sisi walimu tulipojaribu kuyataja humo garimoshini hatukufika mbali. Tuliwataja Susi na Chuma, tukamkumbuka Jacob Wainwright, tukakwama.

Hata hivyo, mambo waliyoyafanya watu hao watatu na wenzao yastahili kusomeshwa kuliko safari ya bwana wao. Livingstone alifariki mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi iitwayo sasa Zambia. Wao waliuzika moyo wake pale pale, wakaukausha mwili wake, wakauchukua mwendo wa miezi mingi mpaka Bagamoyo, walikofika Februari 1874. Hakuna aliyewaamrisha. Mwili ulilazwa katika misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu, iliyoanzishwa Bagamoyo mwaka 1868, kisha ukavushwa hadi Zanzibar na kupelekwa Uingereza. Mnara wa kanisa hilo la zamani ungali umesimama, nasi tulisimama chini yake siku ya tatu ya mapumziko yetu, jua likiwa kali na bahari ikiwa imekupwa.

Magofu ya Kaole

Lakini siku ya kwanza tulikwenda Kaole, kwa kuwa palikuwa karibu. Mtu akitoka Bagamoyo hutembea kiasi cha kilomita tano kuelekea kusini. Sisi tulikuwa tayari katikati ya njia. Magofu yamo katika uwanja wenye kivuli: misikiti miwili ya mawe ya matumbawe na chokaa, na makaburi mengi, mengine yakiwa na nguzo ndefu za mawe, kama yaonekanavyo katika miji mingi ya kale ya pwani yetu. Msikiti mkongwe kuliko mwingine hutajwa kuwa wa karne ya 13. Mwaka 1958 mtaalamu wa mambo ya kale Neville Chittick alifukua na kusafisha sehemu ya magofu hayo. Kuna kaburi moja ambalo watu bado hulizuru kwa dua. Tulimkuta mama mmoja amekaa kando yake, tukapita taratibu tusimsumbue.

Kutoka makaburini tulitaka kwenda baharini, ambako zamani vyombo vilitia nanga. Hatukuiona bahari. Tuliona mikoko tu, imesongamana mpaka upeo wa macho, na tope jeusi chini yake. Husemwa kwamba mikoko na mchanga viliiziba bandari, vyombo vikashindwa kukaribia, na uhai wa mji ukahamia kaskazini, Bagamoyo. Mwenzetu mmoja, aliyezoea kuona jinsi Ziwa Tanganyika linavyopanda na kumeza nyumba za watu, alisema kwamba hii ndiyo mara yake ya kwanza kuona maji yakiuua mji kwa kuukimbia.

Jambo la Kaole linalotuhusu sisi walimu ni hili. Kwa muda mrefu vitabu vilifundisha kwamba miji kama hii ililetwa tayari kutoka Uarabuni na Uajemi, na kwamba watu wa Afrika walikuja tu kuikaa au kuitumikia. Utafiti wa miaka ya baadaye umeonyesha vingine: miji ya Waswahili ilikua kutokana na vijiji vya wenyeji, wakulima, wavuvi na wafua chuma, ambao walifanya biashara na watu wa ng'ambo, wakapokea dini yao, wakaoana nao, wakachukua maneno yao mengi. Lakini kiunzi cha lugha kikabaki kile kile. Mwalimu yeyote wa kwetu aweza kulithibitisha jambo hili ubaoni kwa dakika tano. Aandike mtu, mwana, maji na nyama. Kando yake aandike umuntu, umwana, amazi na inyama. Mwanafunzi wa Kirundi hahitaji kamusi kutambua ndugu zake.

Mwenye nyumba

Nyumba tuliyokodi ilikuwa ya bibi mmoja mtu mzima, ambaye alikaa nyumba ya pili na kutupikia. Tulimwamkia "Shikamoo, Bibi," naye akaitika "Marahaba, wanangu," na tangu hapo hatukuwa wapangaji tena. Tulikuwa tumemletea zawadi ya dagaa wa kwetu, wakavu, katika mfuko wa nailoni. Aliwatia kiganjani, akawanusa, akasema, "Hawa nawajua. Babu yangu alikuwa akiletewa hawa." Tukamwuliza babu yake alikuwa mtu wa wapi. Akajibu kwamba alikuwa Mnyamwezi, aliyekuja na pembe begani mara nyingi asizozihesabu, na safari ya mwisho akaoa hapa hapa, hakurudi. Jioni ile tulikula dagaa wa ziwa waliopikwa kwa tui la nazi. Hatujapata kuwala hivyo kabla.

Tulipomaliza kula tulimweleza swali lililotuleta. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba nyumbani kwao jina la mji halikuwa na matanga. Babu yake alikuwa akieleza kwamba mpagazi akifika hapa, mzigo aliubwaga kwanza, na moyo akaubwaga baadaye. Maana njia nzima alikuwa ameushika moyo mkononi, kwa kuogopa simba, kiu, vita na ndui. Hapa palikuwa na kisima, ngoma, chakula na ujira wake. Ndipo akabwaga moyo, yaani akatulia.

Mmoja wetu alimwambia kwamba sisi, katika Kirundi, moyo twauita umutima. Bibi akacheka sana. "Na mtima sisi hatunao?" akasema. "Kawaulizeni watunga mashairi." Ni kweli: neno mtima limo katika Kiswahili cha washairi, nasi tulikuwa tumelifundisha kama msamiati mgumu pasipo kuwaambia watoto kwamba ni neno la mama zao.

Kubwaga mzigo, kubwaga manyanga

Usiku ule hatukulala mapema. Tulikaa barazani tukilijadili jina, kama walimu wa lugha wafanyavyo. Kitenzi kubwaga chabeba maana mbili. Mtu hubwaga mzigo, akapumzika. Lakini pia hubwaga manyanga, yaani huacha kazi aliyoianza kwa kushindwa au kukata tamaa. Kwa hiyo kitenzi chenyewe hakiwezi kutuamulia. Tukalazimika kuiendea historia.

Historia yasema hivi. Katika karne ya 19 biashara kubwa ya Bagamoyo ilikuwa pembe za ndovu. Ng'ambo ya bahari, mwendo wa kilomita arobaini hivi, kuna Zanzibar, ambako Sayyid Said alihamishia makao yake katika miaka ya 1830 na 1840, na ambako wafanyabiashara wa Kihindi, Kizungu na Kimarekani walizingojea pembe hizo. Waliozichukua kutoka bara hadi pwani kwa wingi walikuwa Wanyamwezi, ambao walikuwa wakisafiri pwani kwa hiari yao tangu mwanzo wa karne, kabla ya misafara ya watu wa pwani kuingia sana bara. Wengi wao walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira. Walikuwa na viongozi wao na desturi zao za njiani. Walipopunjwa posho au kulazimishwa mwendo usiowezekana, walibwaga mizigo chini na kugoma. Walishuka pwani wakati wa kiangazi na kujitahidi kurudi kwao kulima. Wasafiri wa karne ile waliandika kwamba kijana wa Unyamwezi hakuhesabiwa kuwa mwanamume kamili asipokwenda pwani na kurudi.

Bandari kubwa kabisa ya kuwapeleka watumwa Zanzibar katika miaka ile haikuwa Bagamoyo, bali Kilwa, ambako njia za Ziwa Nyasa ziliishia. Tena yafaa tujiulize ni nani huupa mji jina. Mateka hupita mara moja tu, naye hapewi nafasi ya kutaja majina ya miji. Mpagazi hupita kila mwaka. Hufika, huimba, huondoka, hurudi akiwaahidi wenzake njiani kwamba watafika mahali fulani. Kwa sababu hizi watafiti wengi wa historia ya mji huu wanaelekea upande wa maana ya kupumzika. Sisi nasi tuliona kwamba sentensi moja ya kitabu chetu ilikuwa imekosea kwa kusema jambo kama kwamba halina shaka.

Neno la mwenzetu wa Uvira

Wanne kati yetu tulikuwa tumeanza kufurahi. Tulidhani jibu tumelipata. Mwenzetu wa Uvira alikuwa kimya, na tulipomwuliza kulikoni, alisema maneno ambayo tunayaweka hapa kadiri tunavyoyakumbuka. Alisema kwamba bibi wa bibi yake alichukuliwa Manyema akiwa mtoto. Hakupelekwa na Mnyamwezi mwenye ujira, alifungwa. Alifikishwa Ujiji, akauzwa humo, akazalia humo. Hakuifikia bahari kamwe. "Mkisema kwamba mji huu ulikuwa mahali pa kupumzika," alisema, "semeni pia nani aliyepumzika."

Hatukuwa na la kumjibu. Asubuhi yake tulikwenda naye tena misheni. Mapadre wale walianzisha kijiji cha watu waliokombolewa utumwani, na katika nyumba ya makumbusho yao minyororo imewekwa ionekane. Kwa hiyo watumwa walipita Bagamoyo pia. Jina la mji, hata likiwa na maana njema, halifuti minyororo hiyo. Mkataba ambao Sultani Barghash alilazimishwa na Waingereza kutia sahihi mwaka 1873 ulipiga marufuku kusafirisha watumwa baharini, na soko la Zanzibar likafungwa. Lakini utumwa wenyewe haukukoma siku ile. Zanzibar sheria iliacha kuutambua mwaka 1897, na Tanganyika bara mwaka 1922. Katika nchi ya Manyema, alikokuwa na nguvu Hamed bin Muhammad, aitwaye Tippu Tip, mambo yalikuwa mabaya kuliko pwani. Na ni mtu huyo huyo aliyeandika maisha yake kwa Kiswahili, na katika misafara ya watu kama yeye Kiswahili kilifika Kasongo na Lualaba. Mwalimu wa Kongo hawezi kulificha jambo hili, wala hapaswi.

Basi tulitambua kwamba makosa yako mawili. Kosa la kwanza ni kusema kwamba Kiswahili kililetwa kwetu na minyororo tu. Tukisema hivyo twawafuta wapagazi kwa maelfu, watu huru wa bara, ambao ndio walioitia lugha hii miguu. Twasema kwa kinywa chetu kwamba babu zetu hawakufanya lolote ila kufanyiwa. Kosa la pili ni kusema kwamba lugha ilikuja kwa biashara na urafiki tu. Tukisema hivyo twamfuta bibi wa bibi wa mwenzetu. Watu hao wawili walipita katika njia ile ile, pengine katika msafara ule ule, na jioni walisema lugha ile ile kambini.

Mwalimu aliyetutangulia

Kabla ya kumaliza, yafaa tumtaje mtu mmoja wa Bagamoyo ambaye ni wa ukoo wetu kwa kazi. Mtoro bin Mwinyi Bakari alikuwa msomi wa mji huu. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili katika chuo cha lugha za mashariki. Habari alizoziandika ndizo sehemu kubwa ya kitabu Desturi za Wasuaheli, kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903. Humo zimo habari za ndoa, za ngoma, za magonjwa, na pia za utumwa, zimeandikwa na mtu wa pwani mwenyewe pasipo kujificha. Alimwoa mwanamke wa Kidachi. Na mwaka 1905 alipojaribu kurudi nyumbani na mkewe, wakubwa wa koloni hawakumruhusu kushuka naye. Akarudi Ujerumani, akafia huko mwaka 1927. Tulipita katika vichochoro vya mji wake tukiwa na huzuni kidogo. Mwalimu wa Kiswahili aliyewafundisha Wazungu lugha yake alinyimwa njia ya kurudi kwenye nyumba iliyomfundisha yeye.

Mji wenyewe ulishushwa na mambo mawili. Baada ya vita vya Abushiri, aliyenyongwa Pangani mwezi wa Desemba 1889, Wadachi walihamishia makao yao Dar es Salaam mwaka 1891. Kisha reli ikaanzia huko huko Dar es Salaam, na mpagazi wa mwisho hakuwa na la kubeba. Leo Bagamoyo ni mji wa wavuvi, wanafunzi wa sanaa na wageni kama sisi. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia kuu ya kati ya biashara ya watumwa na pembe katika orodha ya mahali inapopendekeza patambuliwe na UNESCO, Bagamoyo upande mmoja na Ujiji upande mwingine. Yaani mlango wa pili wa njia hiyo uko karibu na kwetu.

Tunayoyapendekeza

Ndugu walimu, hatukurudi na jibu moja. Tulirudi na mambo matatu ambayo tumeanza kuyafanya. Kwanza, tunapofundisha jina Bagamoyo twatoa maana zote mbili, tukieleza ushahidi wa kila moja, na kuwaachia wanafunzi wapime. Pili, twafundisha majina ya wapagazi pamoja na majina ya wasafiri wa Kizungu, hata kama tunayoyajua ni machache. Tatu, tumewaagiza wanafunzi wawaulize wazee wa nyumbani ni nani katika ukoo alipata kubeba mzigo, kufungwa, kununuliwa, au kufika pwani, na waandike majibu kwa Kiswahili.

Mwenzetu wa Uvira ndiye aliyeanza. Ameandika kurasa nne juu ya yule mtoto wa Manyema, kwa kuwauliza shangazi zake wawili walio hai. Amezisoma mbele ya darasa lake, na pia mbele ya darasa letu, ambamo lile swali liliulizwa. Mwanafunzi aliyeliuliza alikuwepo. Hakusema kitu, lakini baada ya wiki mbili alileta daftari lake. Habari yake ilikuwa ya babu wa baba yake, aliyepika chakula cha wapagazi kambini. Makosa ya ngeli yalikuwa mengi, nasi tuliyasahihisha kwa penseli.